Kituo cha Pumzi Kilimani Titye

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniteua nimwakilishe. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ndiye mimi. Waheshimiwa madiwani wa Kasulu, na majirani zetu mliotoka Kumsenga kule Kibondo. Viongozi wa dini, wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Kina mama waliochelewa wanaamkiana kwa kupiga viganja, kama Waha waamkianavyo: mwakeye, mwakeye.)

Asanteni, makofi hayo yananipa nguvu. Mimi, Tharsisi Mpawenimana, Kaimu Mratibu Mwandamizi wa Kamati ya Mwinuko na Pumzi, nimekuja kuzindua kituo cha watoto wenye pumu ya mzio, ambacho kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe katika semina ya siku tisa, kitakuwa na vitanda arobaini, daktari, na dawa za kuvuta. Kitaalamu, ndugu wananchi, pumu hii huchochewa na vijidudu vya vumbi vinavyoishi godoroni, navyo havistawi milimani kwa sababu hewa ya juu ni kavu. Na data zetu zinaonyesha kwamba kila mita mia ukipanda, pumu inapungua kwa asilimia kumi, kwa hiyo hapa kwenye mita elfu moja na mia tano mtoto atapungukiwa pumu kwa asilimia mia moja na hamsini, na hiyo hamsini ya ziada tutawagawia watu wa bondeni. (Kicheko. Mwalimu wa hesabu anatazama viatu vyake.)

Nasikia mzee Niyitegeka ananong'ona kwamba watoto wa Titye wamezaliwa huku huku juu na bado wanabanwa kifua. Ni kweli, mzee wangu, kwa sababu walikuwa wakiishi kwenye mwinuko ambao haujaratibiwa. (Minong'ono. Wengine wanakuja, viganja vinalia tena.) Naona mmeelewa, asanteni sana. Na niseme bila kujisifu, ingawa wenzangu hunisifu, kwamba utekelezaji umefika asilimia sitini, maana kilima kipo.

(Anasimama Epifania, mkulima wa bondeni, aliyeanza kupanda alfajiri na binti yake Akimana mgongoni baada ya kutangaziwa kanisani kwamba leo watoto watapokewa. Vumbi la magari ya msafara limemzidishia mtoto pumu. Pumzi yake inasikika hadi safu ya mbele.)

"Mheshimiwa, kifua kinamlia mwanangu. Nimlaze kitanda kipi?"

Swali zuri sana, mama, na karani ameliandika. Jambo la kitanda ni la kimchakato, haliwezi kujibiwa kwa papara, ila nikuombe usogee hapa penye kibao cha uzinduzi, mtoto aangalie kamera. (Anasogea. Picha zinapigwa. Hakuna anayecheka.)

Nikisema mwinuko, mnaitikia pumzi. Mwinuko! (Wachache: Pumzi.) Mwinuko juu! (Anayesikika ni Akimana tu.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Bi. Zuleha wa Kasulu mjini kwa kutuazima utepe na mkasi wa dukani kwake, na mwenye shamba hili la mihogo kwa kuturuhusu kusimama hapa hadi saa nane. Nawashukuru mapema wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta picha za leo zikisafishwa, wakipatikana tutaandika andiko la mradi, na andiko likikubaliwa ndipo tutajua kituo kijengwe wapi, kwani Kibondo nao wana vilima. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama Epifania kwa kumpandisha mtoto mlima wote huu. Sasa mama, mshushe haraka, maana zahanati iko kule chini ulikotoka.