Kiwanja cha Bibi Orpha

Dwight Scoggins aliposoma gazetini kuwa serikali inawakopesha watu wa vijijini pesa za nyumba bila kutanguliza hata senti, hakuwaza nyumba. Aliwaza fomu. Akachapisha za kwake, akafunga tai, akaingia kaunti moja ya migodi huko Nevada ambako watu ni wachache kuliko mashimo. Kila fomu, dola mia tatu. Mwezi haujaisha, begi lilikuwa na elfu tisa, na dhamiri yake ilikuwa safi kama sahani isiyowahi kupakuliwa.

Mlango wa mwisho mjini Quillet ulikuwa wa Bibi Orpha Tregenza, mjane wa mchimbaji.

"Karibu, mwanangu. Mkopo nautaka, paa linavuja. Ila wenzako wa serikali walininyima. Eti nyumba imekaa juu ya mahandaki ya mgodi, iko siku nitalala jikoni niamkie kuzimu. Wakaniambia nihamie ardhi ngumu kwanza. Kwa pesa ipi?"

"Wale hawajui kazi, bibi. Mimi nitakupitishia. Mia tatu tu."

"Basi kakague stoo ya chini, nisije nikakuaibisha kwa wakubwa zako."

Dwight hakuwahi kukagua kitu maishani, lakini mwenye tai atakataaje? Akashuka na tochi. Ukuta wa udongo ukammetea. Akakwaruza kwa ukucha. Dhahabu! Akapanda ngazi mate yamemkauka.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Unyevu. Unyevu mbaya sana. Nakuhurumia, bibi. Niuzie kiwanja hiki. Elfu nne."

"Hiki alichoniachia marehemu?" Bibi akalia.

"Sita."

Akalia zaidi. Kwenye elfu tisa machozi yakakatika kama bomba lililofungwa.

Wakaandikishana kwa karani: kiwanja na vyote vilivyo chini yake. Habari za juu Dwight hakuuliza. Watu wa kule, mgodi ukikauka, hawahami nyumba, huhama nazo. Jumatatu alipofika na sururu, wapwa wa bibi walikuwa wameiinua nyumba nzima kwa jeki na kuipandisha kwenye trela, bibi mwenyewe yuko dirishani na birika lake.

"Naenda ng'ambo ya bonde, kwenye mwamba," akasema. "Shimo nimekuachia lote, mwanangu."

"Nenda salama, mama!" Dwight alifurahi kweli. Amepunguziwa kazi ya kubomoa.

Akachimba siku tatu. Kitendawili: ukikipunguza ndipo kinapokua. Shimo. Nalo likakua, lakini dhahabu haikuongezeka. Akampelekea sonara kile kidogo alichokwangua ukutani.

"Huu ni unga wa dhahabu uliopigwa ukutani kwa bunduki," sonara akasema. "Babu zetu ndivyo walivyowauzia wageni migodi mikavu. Pole, ndugu. Umetokea wapi wewe?"

Dwight akakimbilia kwa sherifu, akamkuta anakula pai ya nyama.

"Nimetapeliwa! Bibi Orpha katia dhahabu ukutani!"

"Alikwambia kuna dhahabu?"

"Hapana."

"Wewe ulimwambia umeona dhahabu?"

"Nilimwambia... unyevu."

Sherifu akafuta vidole, akaandika: unyevu. "Na stoo ya mjane ulishukia nini?"

"Nilikuwa nakagua, kwa ajili ya mkopo wa..."

Akageuka. Kwenye benchi nyuma yake, watu wanne waliokuwa wakingoja zamu, kila mmoja na fomu yake ya dola mia tatu mkononi, waliinua vichwa.

"Endelea, bwana," sherifu akasema, akigeuza ukurasa mpya. "Mkopo wa nini?"