Waziri Fagio na Kiti cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kanunua kiti cha tatu cha kunyolea! Kinazunguka, kinapanda, kinashuka. Jumamosi atachagua kinyozi wa kukisimamia: mimi au Kipara, mwenzangu asiye na unywele hata mmoja. Nastahili mimi. Ila wiki hii zamu ya kufagia nywele ni yangu, na nani atamwamini kinyozi mwenye ufagio mkononi? Lazima nimbambikie Kipara zamu hiyo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemnong'oneza Kipara kwamba neno ufagio si la hivihivi. Zamani mfalme mmoja alikuwa na waziri aitwaye Fagio, na ni yeye tu aliyeruhusiwa kusafisha njia ya mfalme. Niliyatunga yote nikipiga mswaki. Akauliza mbona basi naushika mimi. Nikasema heshima zimenichosha. Akaninyang'anya!

Alhamisi, 7 Machi
Mambo yameharibika. Kipara anafagia kwa madaha, kifua mbele, huku akiwasimulia wateja habari za Waziri Fagio. Wanacheka mpaka povu linawaingia mdomoni. Leo watatu wamekataa kunyolewa na mimi, eti wanamsubiri yeye. Bosi anasema saluni haijawahi kung'aa hivi. Roho inaniuma. Hadithi yangu, sifa zake!

Ijumaa, 8 Machi
Dawa nimeipata. Nimemleta mjomba, mwalimu mstaafu, nimnyoe bure. Nikamuuliza mbele ya wateja wote asili ya neno ufagio. Akasema limetokana na kufagia, basi, hata mtoto analijua hilo. Nikamnyooshea Kipara kidole: mwongo huyo! Bosi akauliza hadithi ile kaitoa wapi. Kipara, mtu asiyejua kuficha, akaninyooshea kidole mimi. Mjomba akadakia kwamba niko hivyo tangu naota meno. Damu yangu mwenyewe!

Jumamosi, 9 Machi
Kiti kapewa Kipara. Bosi kasema mtu anayefurahia hata kufagia anafaa kukabidhiwa kichwa cha mwenzake. Mimi nimerudishiwa ufagio, na dekio juu yake. Nimeumia, machozi yalinilengalenga.

Mchana kaja msusi mpya, dada mpole, msikivu. Nikamuuliza kama anajua neno dekio limetoka wapi. Akasema hajui, kaka, hebu nimwambie. Nikavuta stuli. Nikaanza na malkia mmoja wa zamani.