Vidonge vya Dakika Tisini

Bartholomeo alikuwa nahodha wa timu ya wafanyabiashara wa Kitanzania mjini Guangzhou, na ubahili wake ulijulikana mpaka bandarini Huangpu. Siku moja, dukani kwake, barabara ya Guangyuan Xilu, alilalamika kwamba wali wa Martina, mpishi wa timu, unamaliza michango yote. Salvatory, aliyekuwa anapita kutafuta mtu wa kumwingiza mjini, alisimama.

"Laoban," alisema kwa upole wa daktari, akimwita bosi kwa Kichina, "mwili unataka nguvu, hautaki wali. Wali ni kontena tu. Kwa nini ulipie kontena?"

Lugha ya kontena Bartholomeo aliielewa mara moja.

"Kidonge kimoja, dakika tisini unakimbia. Mimi siku ya mechi sili kitu."

Vidonge vilikuwa pipi za mnanaa zilizovuliwa karatasi. Bartholomeo alinunua, akamfuta kazi Martina.

Jumapili Salvatory alifika uwanjani na mfuko mwingine, awauzie Wakongo, wapinzani wa siku hiyo, baada ya mechi, ndipo akale, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Kumbe winga wa kulia hakutokea.

"Si unavitumia?" alisema Bartholomeo. "Vaa jezi."

Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa matatu. Wachezaji, waliomeza vidonge tu tangu asubuhi, walijitupa nyasini. Salvatory alilala chali, akiona magoli mawili upande mmoja. Hapo akatokea Martina na chupa ya uji na mkungu wa ndizi.

"Dada Martina, nisaidie ndizi. Nakufa."

"Kwa njaa? Wewe?"

"Dada, nakuomba."

"Lete huo mfuko."

Akaukabidhi. Martina akapiga makofi. "Jamani, mlikosea masharti! Kidonge hiki humezwa na ndizi mbili na uji wenye sukari!"

Wakameza, wakala, wakanywa. Kipindi cha pili miguu ikarudi. Mechi iliisha tatu kwa tatu, goli la mwisho likiingia kwa goti la Salvatory, ambaye hakuwa hata anautazama mpira.

Bartholomeo alimkimbilia Martina. "Dada, vile vidonge Jumapili ijayo vipo?"

"Vipo. Ila asubuhi vinataka wali, maharage na samaki. Bila hivyo haviamki."

"Pika! Bei yoyote!"

Salvatory alifungua mdomo aseme kwamba zile ni pipi tu. Akamtazama Bartholomeo, kifua kile na mikono ile, akakumbuka nani alimwuzia.

"Masharti ni hayo hayo, laoban," alisema, akamenya ndizi nyingine.