Jogoo wa Mikia Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Miaka arobaini na moja na siku kumi na mbili tangu tuondoke. Nahesabu kwa kalamu, maana kichwa changu siku hizi kinaruka miaka kama sindano kwenye santuri iliyokwaruzika. Niliondoka na binti wa karibu miaka miwili mgongoni, mfuko mmoja wa nguo, na kisu cha kukatia karatasi cha kiwanda cha chapa nilikofanya kazi. Picha za mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia, nikaziacha ukutani. Nilidhani tunaondoka kwa wiki mbili. Wiki mbili!

Sasa mpango. Mkwe wangu, fundi wa kompyuta, ameugeuza mtaa wetu wa zamani kuwa picha mia tatu za kidijitali, zile ambazo watu huzikusanya na kubadilishana. Kila picha ina mwenyewe, na jina la mwenyewe linaandikwa kwenye blokcheni. Nilimuuliza blokcheni ni mdudu gani. Akasema ni daftari moja lenye nakala kwenye kompyuta maelfu, kikishaandikwa kitu humo hakifutiki, na kila mtu anaweza kukisoma. Nikamwambia kwetu tulikuwa na shangazi wa namna hiyo.

Nimechora kwa mkono miezi minne. Vichwa, kofia, miwani, masharubu, midomo, vitu vya kushika mkononi. Kompyuta inachukua kimoja kimoja kutoka kila fungu na kuvipandanisha. Watakaonunua ni watu wa mtaa wetu, waliotawanyika kila pembe ya dunia. Bei ya kikombe cha chai. Fedha zitanunua viti vipya vya ukumbi wa wazee.

Hivyo ndivyo wanavyojua wao. Ninachokijua mimi ni kwamba mdomo mmoja kati ya ile midomo ni wa marehemu mke wangu. Mwanya mdogo, tabasamu linaloanzia kushoto. Nimeujaribu mara hamsini na ukanitoka sawasawa mara moja tu, mwezi uliopita, nikisubiri maji yachemke. Utakuwa kwenye picha moja tu kati ya mia tatu. Picha hiyo nitaipata mimi, na Jumapili binti yangu akitimiza miaka arobaini na mitatu nitamkabidhi. Sura ya mama yake haikumbuki, na picha yake hajawahi kuiona.

Jumanne, 4 Machi

Leo mkwe amenionyesha mchanganyiko. Mungu wangu! Mkunga wetu ana masharubu ya mchinja nyama. Mwalimu mkuu amevaa kilemba cha mkunga na ameshika bata. Nikalalamika kwamba watu wale walikuwa na heshima zao. Mkwe akasema kwa upole, samahani baba, ndiyo maana ya bahati nasibu. Nikafikiri baadaye kwamba safari yetu nayo ilitufanya hivyohivyo. Hakimu akaja huku akawa mlinzi wa maegesho.

Uadimu, yaani kitu kufanywa kichache ili kigombewe, haunitishi. Nimekuwa mtu wa uadimu kabla mkwe hajazaliwa. Kiwandani nilikuwa nachora vibandiko vya viberiti. Jogoo mwekundu, kila kiberiti. Tajiri akaamuru katika kila vibandiko elfu, kumi viwe na jogoo wa mikia miwili, ili watu waendelee kununua. Mji mzima ukawa unasaka mikia miwili. Na nani alikuwa anavikata vibandiko? Mimi.

Nilimpelekea binti mmoja jogoo wa mikia miwili, nikamwambia nimenunua kiberiti kimoja tu, bahati ikanichagua. Akacheka, mwanya ukaonekana. Wakati huohuo karani mmoja wa mahakama, naye akimtaka binti yuleyule, alikuwa ananunua viberiti kwa dazeni na mshahara wake wote. Majirani wake wakaanza kuogopa moto. Hakupata hata mkia mmoja wa ziada. Karani huyo yuko hapahapa, mitaa miwili kutoka kwangu. Tunamwita Muhuri, kwa sababu mpaka leo akikubaliana na jambo hupiga meza kwa ngumi. Tunacheza drafti kila Alhamisi. Tunachukiana vizuri sana.

Nimesoma kwamba thamani ya kitu ni kuwa peke yake. Kwa hiyo alasiri nimeuchana ule mchoro wa mdomo, vipande vinane. Kisha nikamwagiza mkwe aifute nakala ya kompyuta, ubaki ule ulioingia kwenye ile picha moja basi. Mkwe akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamkazia macho. Mkwe hawezi kumkatalia baba mkwe. Akafuta.

Vipande nimevifagia. Si neno. Jumapili hii hapa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mauzo. Nimeamka kijana.

Utaratibu ni huu. Kila mtu ananunua moja tu na kupewa namba inayofuata, moja mpaka mia tatu, na picha yake inakuja imefunikwa. Zikishauzwa zote, ndipo zinafunuliwa. Hakuna ajuaye atapata nini. Hakuna, isipokuwa mtu ambaye mkwe wake ameacha kompyuta wazi juu ya meza ya jikoni akaenda kumfungulia mlango fundi bomba. Orodha yote ilikuwa pale! Mdomo wa marehemu: mia na kumi na saba. Nimeiandika kiganjani.

Saa nne nikawa ukumbini, simu mkononi, naiangalia hesabu ikipanda. Tisini. Mia moja. Watu wananunua kama maji ya kiangazi! Mia na kumi na tano, halafu ikasimama. Dakika kumi. Dakika ishirini. Haitikisiki. Nikatokwa jasho.

Hapo akaja Muhuri na simu yake, akakaa bila kukaribishwa. Akasema naye anataka picha ya mtaa, ila vidole vyake havisikilizani na kioo, je bwana chapa anaweza kumsaidia au atamtoza kodi? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtume kwa mkwe. Kisha nikaona. Mtu mmoja anunue mia na kumi na sita, zamu inayofuata ni yangu. Nikamnyang'anya simu. Nikambonyezea kwa kidole gumba changu hikihiki. Mia na kumi na sita, hongera mzee! Na kabla hajapata miwani yake nikabonyeza yangu.

Mia na kumi na saba.

Akanishukuru. Akasema hakujua nina moyo wa hivi, labda uzee unanifaa. Nikamwachia ashinde drafti. Nilijisikia mtu mwema kuliko nilivyojisikia kwa miaka mingi.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika. Saa sita zimefunuliwa. Nimefungua yangu peke yangu chumbani, mlango nimeufunga. Ni mimi. Nilijichora mwenyewe kati ya vile vichwa, kwa mzaha, kijana wa miaka thelathini. Bila kofia. Bila miwani. Mkononi hakuna kitu. Chini imeandikwa nafasi yangu kwa uadimu: ya mia tatu kati ya mia tatu.

Nikamfuata mkwe kwenye korido nikimuuliza kwa nini mia na kumi na saba siyo mia na kumi na saba. Akaona aibu kuniuliza nimeijuaje. Akaeleza akiangalia viatu vyake. Kwamba ili mwandaaji asiweze kuchungulia orodha na kujichagulia, mauzo yakishafungwa mashine yenyewe inachagua namba moja ambayo haijulikani kabla, na picha zote zinasogezwa mbele kwa hatua hizo, kwa duara, wa mwisho akirudi mwanzo. Safari hii namba ilikuwa mia mbili tisini na tisa.

Kiwandani namba ikishapigwa kwenye karatasi haihami. Nimeishi na sheria hiyo miaka sabini na nne! Nikachukua kalamu. Mdomo wa marehemu ulikuwa kwenye mia na kumi na saba. Umezunguka mtaa mzima, hatua mia mbili tisini na tisa, ukaishia mlango mmoja kabla ya kwangu.

Mia na kumi na sita. Kwa kidole gumba changu mwenyewe.

Na kwa kuwa daftari la shangazi linasomwa na kila mtu, nimeiona. Mdomo ni wake, umekaa sawasawa. Juu yake masharubu ya mchinja nyama. Kichwani kofia ya kinyozi. Mkononi bata. Hakuna sura nyingine ya mke wangu popote duniani, na mmiliki wake ni Muhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwake asubuhi na mpango wa akiba. Nijifanye sina haja nayo, nimwombe tubadilishane kwa ajili ya utani, ya bata kwa ya kijana mtanashati. Chumba chake ni kisafi mno. Kitanda, meza, sanduku moja limefungwa kamba. Alikuwa na picha ile kwenye simu, ameisimamisha imeegemea kikombe.

Akaniambia niketi. Akasema nisijisumbue, mwanya ule angeutambua hata ungechorwa kwa makaa usiku. Akaongeza kwamba masharubu hayajampendeza.

Sikuona pa kuanzia. Nikajikuta naanzia kwenye jogoo. Nikamwambia yote, kwamba sikununua kiberiti, kwamba nilikichukua kibandiko juu ya meza ya kukatia, kwamba yeye na dazeni zake zote alikuwa anashindana na mtu mwenye ghala. Miaka sita ya ndoa sikumwambia mke wangu. Nilikuwa nangoja siku nzuri. Siku nzuri zikaisha.

Muhuri akacheka mpaka akakohoa. Akasema marehemu alijua. Alimwambia yeye wiki ileile ya harusi. Kibandiko kikibanduliwa kwenye kiberiti hubaki na gundi na vinyuzi vya karatasi nyuma. Changu nyuma kilikuwa kisafi kama sahani. Hakikuwahi kugusa kiberiti, bwana chapa! Hata mtoto angeona!

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, basi kwa nini alinikubali. Muhuri akasema naye alimuuliza hivyohivyo, maana ilimuuma. Akajibiwa kwamba mtu anayehatarisha kibarua chake kwa ajili ya jogoo wa karatasi pengine hatamchosha. Kisha marehemu akamwomba Muhuri asinitajie, aone itanichukua muda gani kukiri.

Imenichukua karibu miaka hamsini. Alingoja sita, ndiyo tu aliyokuwa nayo.

Sikumwomba picha. Nimetembea mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kuzaliwa. Keki, mkwe kwenye aproni, mimi mikono mitupu. Nilimnunulia binti yangu soksi. Soksi! Nikawa namtafutia maneno ya kumweleza kwamba sura ya mama yake niliichana vipande vinane ili iwe ya thamani.

Simu yake ikalia. Ujumbe wa Muhuri. Mia na kumi na sita imehamishiwa jina la binti yangu, na chini maneno machache: Heri ya kuzaliwa, mwanangu. Huyu ni mama yako. Masharubu mlaumu baba yako.

Binti akaifungua. Kisha akaanza kucheka, na nikashindwa kujua kicheko kiligeuka kilio lini. Akaziba masharubu kwa kidole kimoja, na kofia kwa kidole kingine. Akabaki na mdomo tu. Akaniuliza kama ndivyo ulivyokuwa kweli. Nikasema ndivyo. Akaniuliza mbona sijawahi kumwambia kwamba wanafanana, akatabasamu kuonyesha, akianzia kushoto.

Nimekula naye kifungua kinywa miaka arobaini na moja nikiwa nimeinamia gazeti.

Baadaye mkwe amenivuta pembeni, akanong'ona kama mwizi. Eti siku ile hakufuta kila kitu, aliogopa dhambi, nimsamehe, ule mdomo mtupu anao mahali. Nikamkaripia kwa kunivunjia heshima. Kisha nikamkumbatia. Alishtuka sana maskini.

Jumanne, 11 Machi

Muhuri anaondoka mwezi wa tano. Anarudi kabisa. Mpwa wake amempa chumba kwenye mtaa wetu uleule. Ndiyo maana ya lile sanduku na kamba. Akanisihi niende naye, hata nikatazame tu, wiki mbili. Nikamwambia nilishawahi kuondoka mahali kwa wiki mbili. Hakupiga meza.

Nitacheza drafti na nani?

Lakini usiku wa jana sikukesha bure, nimepata wazo. Mkusanyo mpya! Jogoo mwekundu, picha elfu moja, kumi kati yake zina mikia miwili. Makosa ya safari ile nimeshayaona, yalikuwa ya kitaalamu tu. Nilitegemea namba, na namba zinasogea. Safari hii mkwe ataacha upenyo mdogo, hatua zisogezwe kadiri nitakavyosema mimi, na mkia wa kwanza uangukie kwa Muhuri huko atakakokuwa. Atadhani bahati imemkumbuka. Kijana wa watu alinunua dazeni ngapi!

Nimemweleza mkwe wakati wa chai. Akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. Akaniuliza, baba, una hakika? Nikamkazia macho.

Akasema ndiyo, baba.

Nimeanza kuchora mkia wa pili. Dirishani kuna mwanga wa kutosha, na nyuma ya karatasi nimepaka gundi kidogo, ikauka, nikaikwangua, ionekane ilitoka kwenye kiberiti. Mkwe ataipiga picha nyuma pia. Hatagundua mtu.

Muhuri amepiga simu tena kutaka jibu la mwisho, tiketi ni ghali zaidi wiki ijayo. Nimemjibu. Sitarudi.