Hema la Mvuke la Mutwiri

Jumatatu, 3 Machi 2025. Laare.
Nashukuru kwa daftari hili. La bure! Limetoka kwa binamu yangu Kagwiria, nesi. Anawagawia wagonjwa wa Shangazi Karwirwa: andika kila siku unachoshukuru, moyo utatulia. Moyo wangu utatuliaje, na yeye akitoka zamu yuko hapa na mashine yake ya presha? Shangazi ametibu watu kwa miti shamba miaka hamsini. Jumapili hii atasema mkoba wake wa dawa anamwachia nani, mimi au Kagwiria. Mimi nimembebea magome ya mti wa mwiria tangu nina meno ya utoto. Nashukuru mapema kwa ushindi.

Jumatano, 5 Machi
Nashukuru kwa akili niliyopewa. Watu wa siku hizi hawataki dawa chungu, wanataka kupumzishwa. Nimejenga hema la mvuke kwa maturubai na magunia. Ndani kiti, na sufuria ya majani inachemka. Nje nimeandika: KITUO CHA USTAWI, DKT. MUTWIRI. Shangazi akauliza huyo daktari ni nani. Nikamwambia ni mimi, baadaye. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema mvuke si mchezo, kila anayeingia aulizwe kwanza amelalaje, amekula nini, ametafuna nini. Nikaitikia sawasawa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeficha mashine ya Kagwiria kwenye ndoo ya maharagwe. Shangazi akaamua kupika maharagwe. Nashukuru aliikuta, akaifuta, akamrudishia mwenyewe bila kunitaja. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi. Hospitalini, Maua.
Nashukuru niko hai. Hapa sitanii.

Jana walikuja walimu wanne kujaribu hema. Kagwiria akasema wapimwe presha kwanza. Nikaona ananiharibia, nikajitolea niwe wa kwanza ili aaibike. Shangazi akaniuliza nimetafuna nini tangu asubuhi. Nikajibu chai na nduma tu. Loo! Shavu lilikuwa limejaa miraa, nilianza alfajiri ili nichangamke mbele ya walimu. Hata neno nduma lilinishinda kutamka. Mashine ikaonyesha 196, na kawaida ni 120. Nikasema imehongwa, nikaingia.

Dakika tatu. Masikio yakavuma, nikashika nguzo, nguzo ikaja na mimi, hema likaja na nguzo. Walimu walinifukua.

Nikamwomba Shangazi dawa yake. Akakataa katakata. Akasema huu si ugonjwa wa mkoba, ni wa hospitali, na upesi. Akanipandisha bodaboda, akakaa nyuma yangu, mama wa miaka sabini na nane, mikono imenizunguka mpaka Maua. Kagwiria alishapiga simu, tukapokelewa mlangoni. Daktari amesema ningechelewa kidogo, mshipa wa kichwa ungepasuka. Na presha hii si ya jana, ninayo miaka. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumapili, 9 Machi. Hospitalini bado.
Shangazi amekuja. Akamngoja daktari amalize kunipima, akaomba ruhusa, akanitemea mate kifuani, baraka zetu za Kimeru. Daktari akainamisha kichwa, naye apate kidogo. Kisha Shangazi akaniambia mkoba ni wa Kagwiria, kwa kuwa Kagwiria anajua dawa yake inaishia wapi. Imeniuma, jamani. Lakini bila hao wawili leo mngekuwa mnanichangia jeneza. Nikasema asante, na nilimaanisha. Kagwiria akanipa tembe, akasimama hapo hapo mpaka nikameza.

Walipoondoka, jirani wa kitanda, Mzee Mugambi mwenye mguu uliovimba, akaniuliza kazi yangu. Nikasema nashughulika na mambo ya ustawi. Akataka kujua zaidi. Wa kitanda cha nne akageuka kusikiliza. Kufika chakula cha mchana nina majina saba, nimeyaandika nyuma ya kadi ya kufuatilia presha yangu. Nashukuru kwa ugonjwa huu. Ningepata wapi wateja saba, wote wamelala, hakuna hata mmoja wa kukimbia?