Jiwe Lililotambuliwa Rasmi

Mwezi wa Machi 1973, wafanyakazi wote wa ufuo wa ziwa walitangaziwa kwamba mapambano ya miaka mitatu ya kudai breki yamekwisha, na kwamba ushindi ni wao. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Chama cha Madereva na Mataniboi mjini Kisumu. Lilipigwa muhuri mara tatu ili lisitiliwe shaka, na kiini chake kilikuwa sentensi moja: Mwajiri amekubali kulitambua jiwe.

Laban Shitanda alilisoma tangazo hilo mara mbili. Aliendesha lori namba nne la Bwana Bildad Kangethe, ndiye Mwajiri mwenyewe, mwenye malori kumi na moja, na alikuwa ametazamia neno jingine.

"Breki ziko wapi hapa?" akauliza.

Aliyeulizwa ni Mzee Waliaula, taniboi wake, yaani msaidizi wake wa lorini, mwanamume mwenye wajukuu watano. Waliaula hakujua kusoma, lakini jiwe alilijua. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa hiyo: lori likisimama mlimani, yeye huruka chini na jiwe kifuani, akalisukuma mbele au nyuma ya tairi kabla lori halijabadili nia. Kazi hiyo ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Kama wamelitambua," akasema, "basi waliulize vidole vyangu liliviweka wapi."

Ni haki kusema kwamba lori namba nne lilikuwa na uwezo wote wa lori, isipokuwa ule wa kusimama. Breki ya mguu ukiikanyaga ilizama kama mguu katika matope ya mpunga. Breki ya mkono ilitumika kutundikia koti. Gia ya kwanza ikiachwa peke yake iliruka, ikarudi ilikotoka. Nyuma ya lori Laban alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa faida ya watumiaji wengine wa barabara:

Nikikupita salama,
sijui pa kusimama.

Laban alitaka breki kabla mteremko wa Riat haujamaliza vidole vilivyobaki pamoja na mwenyewe. Alikuwa ameapa kwamba mkataba huu wa chama na Mwajiri usipozileta, atamrudishia Katibu wa chama kadi yake ya uanachama, tena mbele ya watu.

Lakini chama hakikuwa kitu cha kuchukiwa kwa raha. Mwaka 1969, lori lilipomwaga marobota ya pamba mtoni karibu na Port Victoria, Bwana Kangethe alimfukuza Laban kazi kabla pamba haijalowa vizuri. Katibu Wakhisi alipanda baiskeli, akapeleka barua ya mistari mitatu, na Jumatatu Laban alikuwa tena nyuma ya usukani. Siku hizo Katibu alikuwa na baiskeli. Sasa alikuwa na Peugeot, na barua zake zilikuwa za kurasa kumi na mbili.

Jambo hilo lilijadiliwa kibandani kwa Mama Nakhungu, kule Obunga, juu ya chai na mandazi.

"Chama hiki ni mwavuli wenye matundu," akasema Laban.

"Toka basi usimame nje," akajibu Mama Nakhungu bila kugeuka kutoka jikoni. "Utajua matundu ni mangapi na mvua ni kiasi gani."

"Mama, wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa aliyelipa chai."

Waliaula alicheka mpaka chai ikampanda puani. Laban hakucheka. Aliinuka akaenda ofisini.

Katibu Wakhisi alimpokea kwa heshima zote zinazostahili mwanachama wa kawaida, yaani alimwacha amesimama. Akamweleza kwa subira. Breki, kwa mtazamo wa Mwajiri, zilikuwa suala nyeti. Jiwe, kwa upande wake, lilikuwa suala lililokomaa. Kamati Ndogo ya Mawe ilikuwa imeketi mara kumi na nne. Ilizuru hata Naivasha kutazama mawe ya wenzetu, kwa kuwa mawe ya Seme, ingawa yako karibu na ni makubwa kuliko nyumba, yalionekana yamezoeleka mno. Matunda ya ziara hiyo yalikuwa juu ya meza: jiwe moja la mviringo, lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, lenye nembo ya chama.

"Hili ni la mfano," akasema Katibu. "Mengine yatafuata."

"Bwana Katibu, jiwe la mviringo litazuia nini? Si litabingirika pamoja na lori?"

"Bwana Shitanda, umbo lilipigiwa kura."

Laban aliingiza mkono mfukoni, akaigusa kadi yake. Akakumbuka baiskeli. Akautoa mkono mtupu.

"Soma kifungu cha saba," Katibu akaendelea. "Kuanzia Jumamosi, ni marufuku kutumia jiwe lisilotambuliwa. Atakayekaidi atakuwa amekisaliti chama na kampuni kwa pamoja. Huu ndio umoja tuliokuwa tunautafuta."

Sherehe ya kutia sahihi ilifanyika Jumamosi hiyo Asembo Bay, penye gati, ili wavuvi nao wafaidi. Jukwaa lilikuwa lori namba nne lenyewe. Liliegeshwa kwenye mteremko, pua ikielekea ziwani, ili wakubwa waliopanda nyuma wawatazame wanachama walioketi juu kwenye nyasi, na picha zitoke na maji kwa nyuma. Palikuwa na meza, kitambaa, viti viwili na kipaza sauti. Jiwe la mfano liliwekwa mezani chini ya leso, likingoja kufunuliwa. Chini, mbele ya tairi la kulia, lilikuwa jiwe la Waliaula, jeusi, lenye pembe, lisilo na nembo.

Bwana Kangethe ndiye aliyeliona kwanza. Alikuwa anapanda, mguu mmoja hewani.

"Wakhisi! Ni nini hiyo hapo chini?"

Katibu akainama, uso ukamgeuka rangi ya majivu. "Jiwe lisilotambuliwa, Mzee. Katika sherehe ya kutambua!"

"Waandishi wa gazeti wako hapa. Toa hiyo kitu."

"Mzee," akasema Laban, "hilo ndilo limeshika lori."

"Limeshika lori kwa idhini ya nani?" akauliza Katibu.

Miaka mitatu Laban alikuwa amejibizana na watu hawa kwa ukali, na ukali ulikuwa umezaa jiwe la mviringo. Sasa akaongea kwa adabu ya karani.

"Nitalitoa, Bwana Katibu. Lakini kifungu cha tisa kinasema amri inayohusu jiwe iwe kwa maandishi."

Katibu alifurahi sana. Hakuwa amewahi kukutana na mwanachama aliyefika kifungu cha tisa. Akaandika papo hapo juu ya goti: Liondolewe. Akatia sahihi. Bwana Kangethe akatia yake. Waliaula alipoona Laban anapiga magoti mbele ya tairi, alimshika bega.

"Bwana Laban, lori litakwenda."

"Najua, Mzee. Limeruhusiwa."

Akalivuta jiwe, akalikumbatia kifuani, akasimama kando.

Kwa muda hakikutokea kitu. Bwana Kangethe aliketi. Katibu alishika kipaza sauti, akaanza kueleza jinsi Mwajiri na Mfanyakazi walivyo katika gari moja. Chini kabisa, ndani ya lori, gia ya kwanza ikaruka.

Lori liliondoka polepole, kwa heshima, kama mgeni asiyetaka kukatiza hotuba. Kwa kuwa wakubwa waliwatazama wanachama, walichoona ni wanachama wakienda mbali.

"Ndugu zangu, msiondoke!" Katibu akafoka. "Kikao hakijafungwa! Mbona mnarudi nyuma?"

"Hatujasogea, Bwana Katibu!" sauti moja ikajibu kutoka kwenye nyasi. "Ni uongozi umesonga mbele!"

Pale ufuoni Apiyo, muuza samaki wa ngege, aliinua karai lake, akaita wenzake wapishe. "Yawa! Lori inakuja kununua samaki yenyewe! Nyinyi wanawake, ondokeni, hii haina breki!"

Ndipo Bwana Kangethe alipogeuka akaliona ziwa.

"Jiwe!" akapiga kelele. "Shitanda, weka jiwe!"

Laban alikuwa akitembea kando ya lori, amelikumbatia.

"Hili, Mzee? Hili halijatambuliwa."

Katibu akalinyakua lile la mfano mezani, akalitupa mbele ya tairi. Jiwe la mviringo likatii umbo lake. Lilibingirika mteremko mzima, likaingia majini kabla ya lori, likazama na nembo yake.

"Breki!" sasa Bwana Kangethe alilia, maji yakiruka pande zote. "Kanyaga breki! Breki! Breki!"

Lori lilisimama maji yalipofika kiunoni mwa waheshimiwa. Hakuna aliyeumia, ila ngege watatu wa Apiyo waliorudi kwao. Waandishi walipata picha walizoahidiwa, zenye maji kwa nyuma, kwa mbele na kwa pande zote. Bwana Kangethe alipokanyaga nchi kavu, alimfukuza Laban kazi. Laban akamwonyesha karatasi: Liondolewe, sahihi mbili. Bwana Kangethe akamrudisha kazini papo hapo, kabla waandishi hawajamaliza kuisoma.

Wanachama walibaki Asembo Bay kwa mkutano wa dharura. Wengine walitaka chama kivunjwe siku hiyo hiyo. Laban akatoa kadi yake mfukoni, akaitazama mbele ya watu kama alivyoapa, akairudisha.

"Tusikivunje," akasema. "Tukihamishe."

Kura zikapigwa. Tangu Jumatatu iliyofuata, Katibu alitakiwa kufanya kazi zake zote, pamoja na meza na mihuri yake, juu ya lori namba nne, lililoopolewa ziwani na kuegeshwa kwenye mteremko wa Riat, mpaka malori yote yapate breki. Bwana Kangethe naye, akitaka kujadiliana, apande huko huko.

Suala nyeti lilikomaa ndani ya siku tisa. Malori yote kumi na moja yalifungwa breki mpya, na namba nne likawa la mwisho, kwa sababu juu yake ndipo palipokuwa na ofisi. Kila asubuhi ya siku hizo tisa, Katibu alichungulia ukingoni kabla ya kufungua faili lolote, akauliza kwa sauti ya upole ambayo wanachama hawakuwahi kuisikia tangu zama za baiskeli:

"Mzee Waliaula, jiwe liko?"

Na Waliaula, akiwa ameketi kivulini na vidole vyake vinane, alijibu bila kuinua kichwa:

"Lipi, Bwana Katibu? Lile la kura, au hili linalozuia?"