Halali Amepumzika

Habari yenyewe ilitoka kwenye simu ya Redio, muuza viatu, mtu ambaye hajawahi kupata habari akakaa nayo peke yake. Hata kwenye benchi la kahawa alikuwa hajakaa vizuri.

"Jamani, sikieni hii! Mkurugenzi wa kampuni kubwa kabisa amekwenda mapumziko. Simu kaiacha kwenye droo ya ofisi! Eti kiongozi asiyepumzika huongoza vibaya."

"Kapumzika au kapumzishwa?" aliuliza Panki, kinyozi, huku akimnyooshea muuza kahawa kikombe. "Hawa wakubwa wana lugha yao."

"Kwa hiari yake, bwana. Picha hii hapa, amekaa kwenye kigoda anaangalia kuku."

Halali akajipiga paja. "Kuku! Mtu unaacha kampuni nzima, unakwenda kuangalia kuku! Mimi tangu nifungue karakana sijapumzika hata siku moja. Kuku nawaona kwenye sahani tu, nao wameshapumzika zamani."

Huyu Halali alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, nyuma tu ya benchi lile. Jina hilo hakulipata kwa ucha Mungu. Lilianza kama utani wa mafundi wake: bosi ha-lali. Alfajiri yupo, usiku yupo, sikukuu yupo. Naye akalipenda, akalipaka ukutani kwa rangi nyekundu, KARAKANA YA HALALI, na wateja wapya wakaamini wamempata mtu mwaminifu asiyechanganya chuma kipya na chakavu. Hakuona sababu ya kuwasahihisha. Macho yake yenyewe siku hizi yalikuwa mekundu kuliko ile rangi, na alijisifia hayo kama mwingine anavyojisifia gari.

"Mwache ajipumzikie," alisema Mama Chenji, mwenye duka la pembeni. "Mimi nikilala nani atauza? Ingawa juzi kidogo niliaibika. Nilisinzia pale kaunta, akaja mzee wa watu akaomba sabuni. Nikamjibu marahaba."

"Hiyo ndogo," alisema Panki. "Mimi nilimnyoa mtu nusu kichwa, nikamkung'uta nywele, nikamwambia tayari, akalipa akaondoka."

"Hakuona?"

"Angeonaje? Naye ni mfanyabiashara, hajalala."

Redio akaweka simu chini kwa heshima, kama mtu anayetaka kutubu. "Mimi nimemuuzia mtu viatu vya kushoto vyote viwili."

"Karudi kukudai?"

"Mpaka leo hajarudi."

"Atarudije?" Halali alidakia. "Anazunguka tu!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Muuza kahawa akawatazama, akatazama vikombe, akauliza kwa upole: "Sasa nyinyi msiopumzika, tangu asubuhi hapa mnafanya nini?"

"Hapa hatupumziki, ndugu yangu," alisema Mama Chenji, amekunja uso. "Hapa tuko kwenye kikao."

"Cha nini?"

"Cha kujadili kwa nini hatuna nafasi ya kupumzika."

Ndipo akatokea Shemeji. Wote walimwita hivyo kwa kumfuatisha Halali, kwa sababu alikuwa dada mdogo wa mkewe, na ndiye fundi mkuu wa karakana. Alikuwa ameipandisha kinga ya uso juu ya kichwa, na mikono ameifuta nusunusu.

"Shemeji, mwenye lile geti la kijani amepiga simu. Amefungiwa ndani kwake."

"Ala! Nani kamfungia?"

"Wewe. Komeo umelichomelea upande wa nje."

Panki akainama akashika tumbo kwa kicheko.

"Kila apitaye anamfungia," Shemeji aliendelea. "Asubuhi hii watoto wa shule wamefunga, wakaenda zao. Mtu mzima na tai yake, amepanda ngazi anachungulia juu ya ukuta, anawaomba wapita njia wamfungulie kwake mwenyewe."

"Basi wezi hawawezi kutoka," alijaribu Halali. "Huo nao ni usalama."

Wengine walicheka. Shemeji hakucheka.

"Nilikuambia komeo ni la ndani. Ukaninyang'anya mashine, ukasema nikupishe, wewe ndiye unayejua." Akashusha sauti, ingawa pale kila mtu alikuwa ametega sikio. "Shemeji, mimi nimechoka kuchoka kwako. Nikipima, unapima tena. Nikikata, unakata tena, unaharibu, halafu unafoka. Mafundi wakisikia kikohozi chako wanakimbilia chooni. Jana walikuwa foleni. Karakana ya ng'ambo ya barabara imeniita nianze Jumatatu. Sitaki kwenda. Ukienda nyumbani leo ukapumzika mpaka Jumatatu, kazi ukatuachia, nabaki. Usipokwenda, naondoka."

Halali aliogopa, tena aliogopa kweli. Alijua kwamba bila Shemeji ile karakana ni rundo la vyuma lenye jina zuri ukutani. Alikuwa amelijua hilo siku nyingi, na ndiyo maana alikuwa habanduki pale: alihofia akiondoka hata kidogo, wataona kwamba mambo yanakwenda.

"Na wateja je?" aliuliza kinyonge.

"Niachie simu."

"Simu! Hata dada yako hajawahi kuishika!"

"Dada ndiye kaniambia nianze nayo."

Akaitoa. Kuitoa tu, ikalia mkononi mwa Shemeji, naye akaipokea kwa sauti ya ofisini.

"Halo? Hapana, Halali hayupo. Amepumzika."

Simu ile ilikuwa ya karakana, ilizoea kelele za mashine, na sauti yake ilisikika benchi zima.

"Amepumzika? Lini tena?"

"Sasa hivi tu."

"Mungu wangu! Kwani alikuwa anaumwa?"

"Wala. Ni kuchoka. Tumehangaika naye siku nyingi, leo ndiyo amekubali."

"Masikini! Aliteseka sana?"

"Yeye hapana," alisema Shemeji. "Tulioteseka ni sisi."

Redio alikuwa wa kwanza kuelewa, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Panki akaanguka begani kwa Mama Chenji. Halali akasimama, mkono mbele, ananong'ona kwa hasira: "Mwambie nipo hai! Nipe hiyo simu! Mwambie nipo—"

"Alikuwa mtu wa watu," sauti iliendelea kwa majonzi. Ikapiga kite, ikatulia. "Na madirisha yangu, dada? Atayamalizia nani?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Hakuna mwingine juu yako?"

"Hakuna."

"Basi tushukuru kwa yote." Majonzi yalipungua ghafla. "Maana nilikuwa nasema kila siku, lau yule bwana angekaa kando, madirisha yangu yangekuwa yameshafika. Nitakuletea na ya ghorofa ya pili. Poleni sana, dada. Ngoja niwajulishe na wengine."

Simu ikakatika. Mkono wa Halali ulibaki umening'inia hewani.

Iliuma, usiambiwe. Kumsikia mtu akikulilia ni kitu kimoja, na kumsikia akipata nafuu katikati ya kukulilia ni kingine. Alitazama karakana yake. Mafundi walikuwa kazini, wanapima mara moja, wanakata mara moja, na mmoja wao alikuwa anaimba. Hakujua kama kuna mtu anaimba mle ndani.

"Sikumwelewa, shemeji, wallahi," alisema Shemeji, sasa machozi ya kicheko yanamtoka. "Nimpigie nimwambie ukweli?"

"Thubutu!" Halali alifungua funguo kiunoni, akamwekea kiganjani. "Nikifufuka leo, hayo ya ghorofa ya pili ataghairi. Kaanze na komeo la yule bwana, mfungulie kwanza. Mimi tuonane Jumatatu, na nikija nitabisha hodi."

Kikao kikavunjika. Mama Chenji alisema anakwenda kufunga duka alale hata kidogo kabla hajamjibu mwingine marahaba. Panki akakumbuka ana mtu kwenye kiti tangu habari ya kuku. Muuza kahawa akakusanya vikombe, akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Halali alipita njia ndefu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza hakuna kilichomwita. Alisimama kutazama mbuzi wawili wakigombania boksi. Habari yake haikupita njia ndefu.

Alipokata kona alikuta viti vimejaa uani kwake, majirani wameshika tama, na mama mmoja asiyemfahamu analia kwa sauti kubwa kuliko wote: "Alikuwa hapumziki, masikini, alikuwa hapumziki!" Mkewe alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni, amechoka kuwaeleza wasiotaka kuelezwa.

Walipomwona, kilio kikakatika, viti viwili vikapinduka, na njia ikafunguka yenyewe mpaka mlangoni. Halali akapita katikati yao taratibu, akavua viatu, akageuka.

"Poleni kwa msiba, jamani," alisema, akipiga mwayo. "Lieni tu, ila polepole. Marehemu anataka kulala."